Shamba Linauzwa kwa Bei ya Viwanja

Dalali mmoja alinionesha karibuni shamba la eka tatu upande wa Mwera, Unguja, lenye minazi iliyokomaa, mishelisheli na muhogo uliokaribia kung'olewa, na kila nilipomuuliza habari za udongo alinijibu habari za barabara. Vigingi vilikwishapigwa katikati ya matuta. Bei aliyoitaja haiwezi kurudi kwa nazi wala kwa muhogo, hata mkulima alime mpaka uzeeni, kwa sababu iliyopigiwa hesabu ni idadi ya viwanja vitakavyotoka humo.

Wengi huwalaumu wenye mahoteli. Ni kweli kwamba wamepandisha bei za pwani ya mashariki, lakini kule sehemu kubwa ni maweni, ardhi ya mawe yenye udongo haba. Udongo mzito wa kilimo uko magharibi na katikati ya Unguja, huko huko mji unakotanukia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima, na ya 2022 ikahesabu 1,889,773, karibu nusu yao wakiwa Mkoa wa Mjini Magharibi. Watu hawa lazima wapate pa kulala, wala siwezi kumlaumu mrithi anayeuza kipande chake ili asomeshe watoto. Lakini majumba ya ghorofa ya Michenzani, mjini Zanzibar, yanatuonesha kwa miongo kadhaa kwamba familia nyingi zinaweza kukaa katika eneo dogo, nasi bado tunatandaza nyumba moja moja juu ya udongo bora tulionao.

Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi yote ni mali ya umma, na eka tatu walizogaiwa wakulima baada ya Mapinduzi zilitolewa zilimwe. Ndiyo maana katika mauziano mengi kinachoandikwa si ardhi bali ni vipando, yaani miti na mimea iliyopandwa humo: minazi kadhaa, miembe kadhaa. Mnunuzi akishakabidhiwa karatasi, anaita watu wa msumeno. Kiwanja kimoja kikishauzwa hivyo, jirani naye hakubali tena bei ya shamba, na kijana anayetaka kulima anabaki kuazima ardhi ambayo mwenyewe anaweza kuichukua msimu wowote.

Naiomba Kamisheni ya Ardhi ichore mipaka ya udongo mzito, na masheha, viongozi wa serikali katika shehia zetu, wakatae kushuhudia hati yoyote ya vipando inayokata viwanja ndani ya mipaka hiyo, wakianzia Mwera, Kianga na Dole.