Kabla hujasema ni Z/28, angalia kioo kidogo cha mlangoni

Watu wa gari za misuli za Kimarekani, zile za zamani zenye injini kubwa, tuna ugonjwa mmoja. Mtu akirusha kwenye grupu picha iliyoskaniwa kutoka jarida la miaka ya sitini mwishoni, nyeusi na nyeupe, gari imechongwa, yaani bodi imebadilishwa na fundi, mbele mpaka nyuma, grili siyo yake, taa siyo zake, boneti imetobolewa ina mdomo kama wa papa, basi hapohapo mmoja keshaandika "hiyo ni Camaro Z/28 ya 67 orijino kabisa" (Camaro ni gari ya Chevrolet, Z/28 ni toleo lake la kimashindano), ukimuuliza umejuaje anakwambia si unaona ile mistari mipana ya rangi juu ya boneti. Mistari jamani!

Mi naona tunaanzia pabaya. Boneti, rimu, grili na nembo ndo vitu vya kwanza mwenye gari kubadilisha, sasa we unavitumia kuitambua gari kivipi? Rimu za Cragar S/S zilianza kuuzwa 1964 na zikafungwa kwenye kila kitu, kwa hiyo zinakwambia tu picha haijapigwa kabla ya hapo, basi. Anza na vile ambavyo fundi bodi anaona uvivu kuvigusa: mstari wa paa, kioo cha mbele, mkato wa milango.

Chukua hiyohiyo Camaro. Ya 1967 na ya 1968 kwa mbali ni pacha. Wengi wanazitofautisha kwa vitaa vidogo vya ubavuni, kwa sababu sheria ya Marekani ilivitaka kuanzia gari za 1968, ya 67 haina. Sawa, ila mafundi wa kuchonga walikuwa hawavipendi hivyo vitaa, wanaziba matundu wanapiga rangi juu, na kwenye picha ya jarida yenye vidoti vya wino huwezi kuona kitu, ya 68 inakuwa imeshageuka ya 67. Angalia mlango sasa. Ya 67 ina kile kioo kidogo cha pembetatu mbele ya kioo kikubwa, kile cha kufungua upepo uingie, ya 68 hawakukiweka, Chevrolet walileta mfumo mpya wa kuingiza hewa kupitia dashibodi. Mtu wa kuchonga anaweza kuking'oa, hilo lipo, lakini kukiongeza kwenye gari ambayo haikuwa nacho ni kazi ya kubadilisha mlango na nani atajisumbua. Kwa hiyo kikionekana, karibu umemaliza. Nasema karibu kwa sababu Pontiac Firebird ya 67 nayo inacho, na paa lake ni lilelile, hapo inabidi upate picha ya nyuma uone matundu ya taa yamekaaje.

Halafu kuna picha zilizogeuzwa. Sisi huku tumezoea usukani kulia ndo maana tunapitwa kirahisi, unaona dereva yuko kulia unaona poa tu, kumbe gari ni ya Marekani na negativu imechapwa kinyume. Dodge Charger za 1968 mpaka 1970 zinakusaidia sana hapa, mfuniko wa tenki uko juu ya bodi nyuma upande wa kushoto, unang'aa, ukiuona uko kulia jua picha imegeuzwa na kila ulichosema kuhusu upande wa kulia na wa kushoto anza upya. Rangi ndo usibishane kabisa, nyekundu na kijani cheusi kwenye nyeusi na nyeupe zinaweza kutoka kijivu kilekile, na pleti za California, ile nyeusi iliyoanza 1963 na ile ya bluu ya 1969, zote zinatoka giza na herufi nyeupe.

Sasa turudi kwa Z/28 ya watu. Mwaka 1967 zilitengenezwa 602 tu, kati ya Camaro zaidi ya 220,000, na hazikuwa na nembo yoyote ya Z/28 kwa nje. Chevrolet ilitaka kushindana kwenye mbio za Trans-Am za Marekani, ambako mwisho wa ukubwa wa injini ulikuwa inchi za ujazo 305, ndo wakatengeneza injini ya 302. Kwa nje ukiacha mistari hakuna cha maana cha kushika, na mistari hata fundi wa mtaani anapaka mchana mmoja. Ila picha inaweza kukataa. Z/28 hiyo haikuuzwa na paa la turubai, haikuuzwa na gia otomatiki, haikuuzwa na AC. Ukiona matundu ya AC kwenye dashibodi, mwambie jamaa apumzike. Usipoyaona bado hujathibitisha kitu, na usitegemee kiwanda kikuokoe, maana Ford za kuanzia 1967 zina kumbukumbu unaweza kununua ripoti yake, Pontiac vilevile, ila Camaro zilizouzwa Marekani kumbukumbu za namna hiyo hazipo.

Kwa hiyo ile picha ya grupu nimeandika: Camaro, 1967, paa la bati, injini haijulikani. Jamaa bado amenuna.