Wadruidi kati ya kisu na joho jeupe

Kila nikijaribu kuwaeleza wadruidi kwa Kiswahili, nakwama kwenye neno la kwanza. Nikisema makuhani, nimeshawapa hadhi ya hekalu. Nikisema waganga, msomaji anaona ramli na mitishamba. Nikisema wachawi, hukumu imetoka kabla ya ushahidi. Hawa walikuwa wanazuoni wa dini ya Wakelti, katika nchi ambazo leo ni Ufaransa, Uingereza na Ireland, na kwa miaka elfu mbili kila aliyewaandika amewapa sura aliyoihitaji yeye.

Sura inayojulikana zaidi ametuachia Julius Caesar, jemadari wa Kirumi aliyeiteka Galia, nchi ya Wakelti ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, katika miaka ya 50 KK. Anasema wadruidi waliamua mashauri, walifundisha vijana, na wengine walikaa masomoni hadi miaka 20 wakikariri mashairi, kwa kuwa waliona si halali kuyaandika mafundisho yao, ingawa mambo mengine waliyaandika kwa herufi za Kigiriki. Waliamini roho haifi bali huhamia mwili mwingine. Kurasa hizohizo zinaeleza masanamu makubwa ya fito zilizosukwa, yaliyojazwa watu hai na kutiwa moto.

Wanaokataa habari hiyo ya moto wana hoja nzito. Mwamba ngoma huvutia kwake, na Caesar alikuwa na vita vya kuvihalalisha mbele ya watu wa Roma. Linalonishtua zaidi ni habari ya Diviciacus, kiongozi wa Waaedui, kabila la Galia, na mshirika wa karibu wa Caesar. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, alikutana naye akaandika kwamba mtu huyu ni mdruidi, mjuzi wa maumbile na wa kubashiri yajayo. Caesar anamtaja Diviciacus mara nyingi, lakini hamwiti mdruidi hata mara moja. Rafiki aliyeketi naye hemani hakuingizwa katika picha ya watu wanaochoma wenzao.

Tena Warumi wenyewe hawakuwa na mikono safi. Mwaka 216 KK, baada ya kushindwa vibaya na Hannibal, jemadari wa Karthago, kule Cannae kusini mwa Italia, waliwazika hai Wagalia wawili na Wagiriki wawili katikati ya mji wao. Seneti ilipiga marufuku kafara ya binadamu mwaka 97 KK tu, Caesar akiwa mtoto mdogo. Na askari wa Roma walipovamia kisiwa cha Mona, ambacho leo ni Anglesey huko Wales, mnamo mwaka 60 au 61 BK, mwanahistoria Mrumi Tacitus anasimulia wadruidi wakiinua mikono mbinguni na kulaani, kisha jeshi likawaua na kukata misitu yao mitakatifu. Anataja pia damu ya mateka kwenye madhabahu zao. Mauaji yanayosimuliwa yakitendeka siku ile, hata hivyo, ni ya Warumi.

Lakini siwezi kuishia hapo. Shahidi akiwa adui, hilo halimfanyi kuwa mwongo. Diodorus na Strabo, waandishi wa Kigiriki, nao wanaeleza mtu kuchomwa kisu ili wabashiri wasome jinsi anavyogaagaa, ijapokuwa huenda wote wawili walichota kwa mwandishi mmoja aliyewatangulia. Ukaja mwaka 1984, wachimba mboji wa Lindow, Cheshire, kule England, wakakuta mwili wa mwanamume uliohifadhiwa na kinamasi: amepigwa kichwani, ana kamba shingoni, na koo limekatwa. Tumboni mlikuwa na chavua ya mmea uotao juu ya matawi ya miti mingine, uleule ambao mwandishi Mrumi Pliny aliutaja kuwa mtakatifu kwa wadruidi. Wengi walitamka papo hapo kwamba ni kafara yao. Mimi naona wameruka mbali mno. Chavua ilikuwa chembe chache, umri wa mwili bado unabishaniwa, na jeraha halimtaji aliyelisababisha. Hata hivyo, kusema damu haikumwagika kamwe ni kuwasafisha watu tusiowajua.

Na usafishaji huo umefanyika sana. Pliny aliandika kifungu kimoja juu ya kuhani mwenye vazi jeupe anayepanda mwaloni siku ya sita ya mwezi, anakata mmea ule kwa mundu wa dhahabu, na mafahali wawili weupe wanachinjwa. Kutoka hapo ukazuka mzee wa ndevu na joho wa michoro ya Ulaya. William Stukeley, kasisi wa Kianglikana, alimsimamisha mzee huyo Stonehenge, duara la mawe makubwa ya kale kusini mwa England, katika kitabu chake cha mwaka 1740, ilhali mawe yale yalisimamishwa takriban miaka 2,000 kabla mdruidi yeyote hajatajwa popote. Mwaka 1792 Iolo Morganwg, mwashi na mshairi wa Wales, aliongoza sherehe juu ya Primrose Hill, London, akidai ni urithi wa kale. Aliitunga mwenyewe, na hati kadhaa alizighushi.

Simtetei kwa kughushi. Ila sherehe yake iliingizwa mwaka 1819 katika Eisteddfod, tamasha la ushairi wa Kiwelisi, na hadi leo washairi wanatunukiwa humo kwa lugha ambayo shuleni watoto waliwahi kuadhibiwa kwa kuizungumza. Wadruidi wa sasa nao wana imani yao, na mwaka 2010 tume inayosimamia mashirika ya hisani ya England na Wales ilikitambua chama chao kimoja kuwa cha kidini. Haki hiyo ni yao bila kuhitaji ukoo wa kale.

Kuhusu wale wa kale, katika mashairi yaliyokaririwa kwa miaka 20 haujatufikia hata mstari mmoja.