Je, nyota iliyoonekana ikilipuka mwaka 1604 bado inastahili kutazamwa?

Chandra, darubini ya Marekani inayonasa mionzi ya eksirei, iko angani tangu Julai 1999. Mwaka 2000, 2004, 2006, 2014 na 2025 iliyapiga picha masalia ya nyota ya Kepler, ambayo mlipuko wake ulionekana duniani mwaka 1604. Yako umbali wa takriban miaka nuru 17,000. Picha zikipangwa kwa mfuatano, wingu la vifusi linaonekana likitanuka.

Wanaohoji kazi hii wana hoja nzito. Saa inayopewa Kepler hunyimwa kitu ambacho hakijawahi kutazamwa. Mwaka 2024 serikali ya Marekani yenyewe ilipendekeza bajeti ya Chandra ishuke kutoka takriban dola milioni 68 hadi 41. Sisi wa Mbeya, tuliochangishwa kujenga maabara za sekondari za kata, tunaelewa vizuri kuchagua kipi kianze.

Lakini picha moja haioneshi mwendo. Zilipolinganishwa, upande mmoja wa masalia ulikutwa ukienda kwa takriban asilimia 2 ya kasi ya mwanga, mwingine asilimia 0.5 tu. Unaokawia umekutana na gesi nzito zaidi, na kwa kasi hizo wataalamu wanasoma mazingira yaliyoizunguka nyota kabla haijalipuka. Pesa ikikatwa leo huweza kurudishwa kesho. Mwaka uliopita bila picha haurudi. Isitoshe, ziara tano katika robo karne si ulafi wa muda, na hapo ndipo hoja ya wapinzani inaponilegea.

Tena jambo hili si geni kwetu. Kimondo cha Mbozi, chenye zaidi ya tani 10, ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Chuma hicho hakikutoka kwa Kepler. Ni cha zamani mno. Ila milipuko ya aina ileile, iliyotokea kabla Jua halijakuwepo, ni miongoni mwa viwanda vikuu vya chuma ulimwenguni.

Kinachonisumbua zaidi ni nani anafaidi. Hifadhi ya data za Chandra iko wazi, bila malipo, lakini uwazi huo haumfikii asiye na intaneti ya uhakika wala mwalimu wa kumwongoza. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya akiwezeshwa hayo mawili, anaweza kupakua picha za 2000 na 2014 akapima mwenyewe ukingo umesogea kiasi gani.