Charlie Watts na pigo ambalo hakulipiga

Wapiga dramu wa roki husifiwa kwa wingi wa ngoma zao na kasi ya mikono. Mimi Charlie Watts wa Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, namsifu kwa pigo aliloliacha, na kwa hilo simwoni Mwingereza wa kumzidi.

Mdundo wa kawaida wa roki uko hivi: ukihesabu hadi nne, mkono wa kulia unagonga haihati, yale matoazi mawili yanayofumbana, mara nane, na wa kushoto unapiga snea, ngoma ndogo yenye mlio mkali, kwenye mbili na kwenye nne. Watts alikuwa akiinua fimbo ya kulia kila snea ilipolia. Nane zikabaki sita. Snea ikasikika peke yake, bila sauti ya toazi kuifunika, na mdundo mzima ukapata kupumua.

Anayetaka kujifunza aanze polepole, mapigo 70 kwa dakika, ahesabu kwa sauti: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Haihati igongwe kila mahali isipokuwa kwenye mbili na nne. Wengi huharibu hapo hapo: pengo linawatia wasiwasi, mkono wa kulia unawahi kurudi, wimbo unaanza kukimbia. Wengine huinua mkono mzima mpaka begani, wakachelewa. Kiganja kinatosha.

Mkono huo ulilelewa na jazi. Watts alizaliwa London tarehe 2 Juni 1941, akakulia Wembley. Ngoma yake ya kwanza ilikuwa banjo: aliing'oa shingo, akabaki na lile duara la ngozi, akawa analipiga kwa brashi za waya. Mwaka 1955 wazazi wake wakamnunulia dramu. Akasomea sanaa Harrow, akafanya kazi ya usanifu wa michoro, akapiga na bendi ya Alexis Korner, mwanamuziki wa bluzi, na Januari 1963 akaingia Rolling Stones. Hakutoka humo mpaka alipofariki tarehe 24 Agosti 2021, akiwa na miaka 80. Hata saratani ya koo ya mwaka 2004 haikumwondoa kitini.

Fimbo ya kushoto aliishika kiganja kikitazama juu, kama wapiga jazi wa zamani. Na dramu zake! Gretsch ya mwaka 1957, ngoma nne tu: ya mguu inchi 22, tomu (ngoma ya kati) ya juu 12, ya chini 16, na snea. Viwanja vilijaa watu maelfu kwa maelfu, wala hakuongeza ya tano. Ngoma zikiwa chache, kila moja inapaswa kufungwa sauti vizuri, maana hakuna pa kuificha iliyolegea.

Steve Jordan, aliyerithi kiti chake mwaka 2021, ni fundi wa kweli, na pigo lake ni zito na limenyooka. La Watts lilikuwa linachelewa kidogo nyuma ya gitaa la Keith Richards, na kwangu mimi utamu wa bendi ile ulikaa hapo.