Robo ya Roboti

Timu yetu ya roboti ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kila mwaka wanajiunga wageni kumi, likizo ikifika wamebaki wawili. Mwalimu wa fizikia alitupasulia: wenyeji mnashika bisibisi, wageni mnawatuma chapati, nani abaki?

Basi siku ya mashindano mimi nahodha, kidato cha tatu, kichwa kimevimba, nikaja na dawa. Wageni walikuwa wanne. Nikaifungua roboti vipande vinne: fremu, mota na matairi, ubao wa umeme, na vihisi vya kusomea mstari mweusi. "Kila mmoja wenu ana robo ya roboti," nikawatangazia pale kituoni Kimara Mwisho, Dar es Salaam. Nilijiona mshairi. "Akipotea mmoja, tumepotea wote. Betri nabeba mimi, maana betri ndiyo moyo."

Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi unaijua. Basi la mwendokasi likafungua mlango, watu wakasukumana. Sikupanda, nilipandishwa. Dirishani nikawaona wanne wangu wamebaki kituoni, wananipungia mikono kama wendawazimu. Nami nikawapungia. Masikini, watachelewa! Njia nzima nikawa natunga maneno ya kuwatia moyo.

Magomeni, gari likakata kushoto.

"Mama, hili si la Kivukoni?"

"La Morocco hili, mwanangu." Akaitazama betri niliyoikumbatia kama kichanga, akasogea kidogo.

Nilikuja kushuka Mkwajuni, Kinondoni, kifungo kimoja cha shati kikiwa kimebaki ndani.

Kufika ukumbini Posta, natweta, jasho chapachapa, nasikia makofi. Roboti yetu hiyo, inaufuata mstari, inakata kona taratibu kama bibi harusi.

Bila moyo?

Yule binti wa kidato cha kwanza, ambaye miezi miwili sikuwahi kuisikia sauti yake, alinunua betri nne za redio kwa machinga. Akaviringisha gamba la daftari la hesabu, akazipanga ndani, chanya ya hii ikigusa hasi ya ile, nyaya akazibana huku na huku kwa selotepu. Volti 1.5 mara nne, 6. Sawasawa na yangu, ila yake haikupitia Kinondoni.

Tukawa wa tano kati ya timu saba. Msicheke, mwaka uliotangulia roboti yetu haikutoka hata pale pa kuanzia.

Mwamuzi akanizuia mlangoni. "Wewe nani?"

"Nahodha."

Akawageukia wale wanne kutaka ushahidi.

"Mwacheni apite, ni wetu," akasema yule binti. "Bado mgeni mgeni tu." Kisha akanijia kwa adabu zote. "Shikamoo kaka. Pole na safari. Una hela hapo? Hatujanywa chai, tuletee chapati."

Nikaenda. Betri kwapani.