Linux kwa laptopu za ex-UK: tuachane na hoja ya bei

Tangu Microsoft ifunge apdeti za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mjadala wa Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, umerudi Nairobi kwa nguvu na kila upande unaongea peke yake. Wanaoipigia Linux debe wanasema ni ya bure, sasa mnataka nini tena. Mwenye Windows anajibu ati hata yangu ni ya bure, fundi wa Luthuli aliniwekea na Office juu nikamlipa pesa kidogo ya kazi, mbona nihangaike kujifunza kitu kipya. Na kusema ukweli amejibu vizuri. Huwezi kumuuzia mtu bei ya sifuri wakati anaamini tayari analipa sifuri, kwa hivyo sisi tunaotaka Linux itumike hapa tumekuwa tukisukuma hoja dhaifu kabisa na kuacha zile nzito.

Kuna namba moja hunisumbua sana. BSA, ule muungano wa kampuni za softwea, kwenye ripoti yake ya 2018 ilisema asilimia 74 ya softwea iliyowekwa kwenye kompyuta Kenya mwaka wa 2017 haikuwa na leseni. Sawa, BSA inasimamia maslahi ya wauzaji, na hesabu kama hiyo ni makadirio, lakini hata ukiikata theluthi moja nzima bado unabaki na karibu nusu. Hiyo namba kawaida inatolewa kuonyesha hasara ya wenye softwea. Mimi naiangalia kutoka kwa mwenye laptopu. Hebu fikiria vile kraki, ile programu ya kuidanganya Windows ikubali bila leseni, inawekwa: fundi anaanza kwa kuzima antivairasi kwa sababu ikiwa macho itakamata ile programu, halafu anaipa ruhusa zote za admin, na mara nyingi anafunga pia apdeti ndio Windows isirudi kudai leseni. Hiyo programu imetoka wapi, imeandikwa na nani, fundi mwenyewe hajui. Na ukitoka hapo ni hiyo hiyo mashine unafungulia akaunti ya benki, eCitizen, imeli za kazi na faili za wateja wako waliokuamini.

Apdeti nazo watu huziona kama usumbufu wa kumaliza bando, na bando kweli linaisha. Lakini kumbuka kile kirusi cha WannaCry. Ilipiga tarehe 12 Mei 2017, ikafunga faili za watu dunia nzima na kuvuruga hospitali za Uingereza, na lile shimo la Windows ilimopitia, Microsoft ilikuwa imeshaliziba tangu Machi mwaka huo huo. Miezi miwili dawa ilikuwa iko tayari! Walioumia ni wale mashine zao hazikuwa zimeimeza. Sasa chukua mji ambao kompyuta nyingi apdeti zimezimwa makusudi na fundi, na mwenyewe hata hajaambiwa. Huyo mtu hajapata Windows ya bure, kuna gharama imewekwa mahali haoni, na siku ikifika hatailipa Microsoft, atailipa yeye na wateja wake.

Halafu kuna hizi laptopu zenyewe. Ukipita Moi Avenue ama Luthuli mashine nyingi ni ex-UK, zile ofisi za nje zimetumia miaka michache zikaziacha. EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, Latitude E7470, mashine imara, kibodi nzuri, unaweza kuzifungua ukaongeza RAM na SSD bila shida. Zote hizo zina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, na Windows 11 rasmi inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kuna njia za kuilazimisha, fundi wanazijua, ila Microsoft yenyewe inasema mashine kama hiyo haina haki ya kuahidiwa apdeti. Imetoa nafasi ya kuendelea kupata apdeti za usalama za Windows 10 hadi Oktoba 2026 kwa mtu binafsi aliyejiandikisha na akaunti ya Microsoft, lakini huo ni mwaka mmoja tu. Linux Mint 22, toleo moja la Linux, inaingia kwenye hizo laptopu vizuri, apdeti zake zinaenda hadi 2029, na wewe ndio unaamua ni lini zishuke, kwa hivyo unangoja ufike mahali pana Wi-Fi. Kwangu hiyo ndio hoja: mtu amejinyima akanunua kompyuta nzima, inafanya kazi, na sasa anaambiwa imezeeka kwa uamuzi uliofanywa mbali sana na hapa.

Upande wa pili hauongei upuzi lakini. Mhasibu anayetuma PAYE, ile kodi ya mishahara, kabla ya tarehe 9 kila mwezi anatumia fomu ya P10 ya KRA, ambayo ni Excel yenye makro, yaani vijiprogramu ndani ya faili, na makro hizo LibreOffice, ile mbadala ya bure ya Office, unaweza kukuta imezigomea ukiwa umebaki na masaa mawili. Anayechora kwa AutoCAD ama kuhariri kwa Photoshop hana toleo la Linux, na ukimwambia atumie GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, huku mteja anataka faili ya PSD na leya zake, umemharibia kazi. Printa zingine drava yake ni shida. Hata mji wa München kule Ujerumani uliamua kuhamia Linux 2003, ukafikisha kompyuta kama 15,000, na 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Ujerumani hiyo hiyo, jimbo la Schleswig-Holstein sasa linatoa wafanyakazi wake kama 30,000 kwenye Office na kuwapeleka LibreOffice, kwa hivyo München haimalizi mjadala, inaonyesha tu kuhama si kazi ya wikendi.

Mimi naona tuangalie kazi ya mtu kwanza. Mhasibu na mchoraji wabaki Windows, yenye leseni, kwenye mashine inayoikubali. Lakini mwanafunzi, mwandishi, mwenye duka, mtu ambaye siku yake yote ni brauza, Google Docs na video, hao ni wengi sana, na hawajawahi kuambiwa kwamba kuna njia ya kutumia hiyo G3 yao salama bila kraki. Wameambiwa tu Linux ni ya mahaka na watu wa IT, na sisi tumechangia hiyo sifa kwa kumpeleka mgeni moja kwa moja kwenye terminali, pale pa kuandika amri kwa mkono, ama kumcheka akiuliza Word iko wapi.

Kabla ya kununua laptopu beba Mint kwenye flashi, mwambie muuzaji aiwashe nayo, ujaribu Wi-Fi, sauti na kamera hapo hapo dukani, diski haiguswi. Na wenye kupiga debe wakae na fundi wa Luthuli wamfundishe kuiweka, kwa sababu ndiye mteja anamrudia mashine ikikwama, na kazi yake ya kuweka Mint alipwe vile vile analipwa ya kraki.