Nyoka Aliyejeruhiwa: Atibiwe au Amalizwe?

Mashamba ya Ganda, Kakuyuni na Magarini, huku kwetu Malindi katika pwani ya Kenya, yanapofyekwa na kuchomwa moto kabla ya mvua za masika, si ajabu kumkuta nyoka ukingoni mwa shamba akiwa amebabuka ubavu, au amekatwa kwa jembe na mkulima ambaye hakumwona mpaka jembe lilipokwisha kushuka. Wengine hugongwa na magari usiku katika barabara ya Malindi kwenda Mombasa, kwa kuwa lami hubaki na joto baada ya jua kuchwa, nao hulala juu yake kujipasha. Jambo la kumfanyia mnyama huyo, ambaye yu hai lakini hawezi kwenda popote, huwagawa watu: wako wanaosema amalizwe pale pale, na wako wanaosema atibiwe kama ambavyo angetibiwa kobe au kima. Mimi naegemea upande wa pili, lakini kwa masharti ambayo wengi wa upande huo hawapendi kuyasikia, na upande wa kwanza siuoni kuwa ni wa kudharauliwa.

Wanaotaka auawe wana hoja nzito. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya ukanda wa joto yaliyopuuzwa, linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka kwa sababu hiyo, na kwamba wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni takriban mara tatu ya hao. Wengi wao ni wakulima, wachungaji na watoto wa mashambani. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, hutegemea rangi ya mwili wake kujificha. Asikiapo hatua hakimbii, hutulia vile vile katikati ya njia hadi akanyagwe, na sumu yake huozesha nyama ya mguu. Sumu ya koboko hushika mishipa ya fahamu mpaka mtu akashindwa kupumua. Dawa ya kupambana na sumu hizo hutengenezwa kwa kumdunga farasi kiasi kidogo cha sumu na kukusanya kinga inayojengeka katika damu yake, na ni dawa ghali, ambayo mgonjwa mmoja aweza kuhitaji chupa kadhaa. Mzazi anayeuliza kwa nini nyoka apate daktari ilhali zahanati ya kijiji haina hata chupa moja, anauliza swali la haki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hakuna mwenye haki ya kumwambia kwamba hofu yake ni ujinga.

Hapa kwetu jambo hili huulizwa pia kwa upande wa dini. Hadithi za Mtume (S.A.W.) zinaruhusu kumuua nyoka, na katika baadhi ya mapokezi ametajwa miongoni mwa wanyama wenye madhara wanaoweza kuuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka. Lakini Mtume huyo huyo aliagiza kwamba nyoka wa majumbani waonywe siku tatu kwanza, agizo ambalo wanazuoni wamehitilafiana iwapo linahusu Madina peke yake. Alifundisha kuwa kuna ujira katika kumtendea wema kila chenye ini bichi. Na aliamrisha kwamba anayeua na aue kwa wema. Sioni vipi mtu aliyeyasikia haya ataridhika kumwona moma aliyevunjwa mgongo kwa fimbo akiachwa juani tangu asubuhi hadi alasiri, watoto wakimrushia mawe. Ikiwa uamuzi ni kuua, basi itendeke mara moja na mtu mzima anayejua anachokifanya.

Hoja ya wanaotaka atibiwe huanza na ukweli kwamba nyoka wengi wanaouawa mashambani hawana sumu ya kumdhuru binadamu. Chatu hana sumu kabisa. Nyoka wadogo wa kahawia wanaoingia majumbani usiku hufuata mijusi na panya, na aliyewahi kuhifadhi mahindi darini anajua hasara ya panya ni kiasi gani. Kuna pia la maarifa. Watamu, kilomita chache kusini mwa Malindi, pana kituo cha nyoka cha Bio-Ken kilichoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe, aliyewahi kusimamia kitengo cha nyoka na reptilia wengine katika makumbusho ya taifa Nairobi, pamoja na mkewe Sanda. Watu wa kituo hicho ndio huitwa kumwondoa nyoka aliyeingia nyumbani, na hapo hapo wahudumu wa afya wamefundishwa namna ya kumtibu aliyeumwa. Kwa hiyo kumtunza nyoka na kumwokoa mtu havikuwa vitu viwili vinavyogombania mkate mmoja. Ujuzi wa kimoja umelisha kingine. Hata hivyo hilo halimjibu mzazi niliyemtaja. Dawa katika zahanati ni wajibu wa serikali, na mpenda nyoka asiyeidai dawa hiyo kwa sauti ile ile anayowatetea nayo nyoka hatasikilizwa na watu wa mashambani, wala hastahili kusikilizwa.

Tuyaache hayo tutazame matibabu yenyewe, maana pande zote mbili huyazungumzia bila kuyajua. Chukua chatu aliyenaswa katika jarife kuukuu, nyavu ambazo wengi wetu huzungushia banda la kuku au tuta la sukuma wiki baada ya kuchakaa baharini. Magamba yake yamepandana kuelekea mkiani, hivyo kichwa hupenya tunduni kwa urahisi, lakini akijaribu kurudi nyuma uzi huingia chini ya magamba na kumkaba. Kufikia asubuhi nailoni imekwisha kukata ngozi na kuzama katika nyama iliyovimba. Kumtoa kunahitaji mtu wa kushika kichwa nyuma ya taya, wengine wa kuubeba mwili usipinde, na mmoja wa kupenyeza mkasi wenye ncha butu chini ya kila uzi, akifuata upande magamba yanakoelekea asije akayang'oa. Kidonda husafishwa kwa maji ya chumvi yaliyopimwa, na hapo ndipo kazi huanza.

Mwili wa nyoka hautengenezi joto lake wenyewe, na kinga yake hudhoofika akiwa katika baridi. Kwa hiyo sanduku anamowekwa huwa na upande wa joto na upande wa ubaridi ili achague mwenyewe. Antibayotiki iitwayo seftazidimu, ambayo mtu hudungwa mara kadhaa kwa siku, nyoka hupewa mara moja katika saa 72, kwa sababu mwili wake huitoa dawa polepole mno. Sindano kwa kawaida huingizwa katika nusu ya mbele ya mwili, kwa kuwa damu ya sehemu ya nyuma yaweza kupitia figo kabla ya kuzunguka kwingine. Chakula hakiharakishwi. Chatu mzima hukaa wiki nyingi bila kula na asidhurike, na anayemsokomeza nyama kooni siku ya pili kwa huruma humuumiza zaidi, kwani tumbo lisilo na joto la kutosha halisagi kitu. Kidonda kikubwa huweza kuchukua miezi, kikifunga kidogo kidogo kila anapojivua gamba.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanaonyesha wazi kwamba nyumbani si mahali pa kumtibu nyoka. Wapo vijana wenye moyo mwema wanaomchukua na kumweka ndani ya ndoo au gunia, wakiamini wamemwokoa. Kwanza, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyamapori bila kibali. Pili, anayedhaniwa mgonjwa huenda ni mzima: nyoka anayekaribia kujivua gamba macho yake huingia ukungu wa rangi ya maziwa na yeye hukataa kula, na siku chache baadaye huwa safi kabisa. Tatu, anayedhaniwa amekufa bado aweza kuuma, maana hata kichwa kilichokatwa hubaki na uwezo huo kwa muda. Mwananchi ana kazi ndogo na ya maana: awaondoe watu na mbwa, asimame mbali, asimpoteze machoni, apige picha bila kusogea, na awaite askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori au wale wa Watamu.

Swali gumu zaidi huja nyoka akishapona. Utafiti uliofanywa Marekani kwa nyoka wenye njuga mkiani ulionyesha kuwa waliohamishwa mbali walitangatanga zaidi na kufa zaidi kuliko wenyeji wa mahali hapo, kwa kuwa hawakuyajua maficho wala malisho ya ugenini. Hivyo kumchukua nyoka wa Mambrui na kumwachilia katika msitu wa Arabuko-Sokoke, eti kwa sababu pana miti, ni kumhukumu upya, na huenda akaupelekea msitu ugonjwa aliouokota kizimbani. Arudishwe karibu na alikotoka. Lakini karibu hapo ndipo penye boma la mtu.

Kwa maoni yangu, chatu na nyoka wasio na sumu watibiwe na kurudishwa karibu na walikokutwa. Aliyevunjika uti wa mgongo asiweze tena kuwinda, awe na sumu au asiwe nayo, daktari wa mifugo amdunge dawa ya kumlaza milele, na asifanywe kiwete wa kuonyeshwa watalii. Mwenye sumu anayeweza kupona atibiwe pia, ila asiachiliwe mpaka mzee wa kijiji na majirani wajulishwe, jambo ambalo wapenda wanyama wengi hulikwepa kwa kuogopa kukataliwa. Wakaao hapo ndio watakaopita njia hiyo alfajiri wakienda kisimani. Wakikataa, na pasiwe na pori jingine la karibu lisilo na watu, nyoka huyo abaki katika kituo chenye kibali atumike kufundishia, au alazwe milele, hata kama kidonda chake kimepona.